Naomba ushauri: umoja wa wakazi unamdai mnunuzi mpya kiingilio na deni la muuzaji

Wakuu, shikamooni wakubwa, wengine habari za leo.

Kuna nyumba yenye hati nataka kununua Isyesye, Mbeya. Upekuzi ofisi ya ardhi umetoka safi, hakuna rehani wala zuio. Kikwazo ni umoja wa wakazi, waliovuta bomba la maji na kumwaga moramu barabarani. Wanataka kiingilio sh 400,000 pamoja na sh 180,000 za ulinzi ambazo muuzaji hakulipa, la sivyo bomba lao nisiliguse.

Katiba yao nimeisoma: ada ya mwezi imo, kiingilio hakimo. Wamenionyesha muhtasari wa kikao tu, hauna mahudhurio wala saini. Mwenyekiti wa mtaa anasema hayamhusu. Gharama ya bomba naielewa, huwezi kudandia jasho la wenzako. Deni la ulinzi ndilo linanishinda. Na hapa si ghorofa moja ambalo kila mtu anamiliki sehemu yake, ni viwanja vya kawaida.

Muuzaji amekubali deni likatwe kwenye bei, ila hataki liandikwe kwenye mkataba.

Je, kiingilio kisichokuwemo kwenye katiba kinanibana? Na nikilipa hilo deni, stakabadhi iandikwe jina langu au la muuzaji?