Udongo wa kaburi la babu: gumzo la kikundi cha ukoo

*Alhamisi jioni*

Shangazi Nakiete: Bwana Yesu asifiwe wana ukoo. Jumamosi nampeleka Neema kwa mtumishi wa Mungu huku mjini akafunguliwe. Sadaka ya kuvunja madhabahu ya ukoo ni laki nne na nusu. Mimi ninayo laki na ishirini. Naomba kila nyumba ichangie chochote. Udongo wa kaburi la babu mkuu nimeshauchukua jana, mtumishi aliuagiza.

Joshua: Amina shangazi. Udongo tena?

Shangazi Nakiete: Ndiyo. Ameonyeshwa kwamba babu alichinja mpungini, kule msitu wa matambiko ya ukoo, akafunga matumbo ya wajukuu. Mimba tatu za Neema zimetoka, nyote mnajua. Udongo unaombewa, agano linakatwa.

Mama Mkubwa Naetwe: Jamani Neema mwanangu. Pole sana.

Shemeji Anaeli: Mimi natuma elfu thelathini kesho mchana. Mungu mwenyewe amesema jisaidie nikusaidie.

Baba Mdogo Elinami: Shemeji, nimekuwa mwinjilisti miaka mingi, huo mstari sijawahi kuuona kwenye Biblia. Hakuna. Warumi 5:6 ndiyo ipo: "Kwa maana hapo tulipokuwa hatuna nguvu, wakati ulipotimia, Kristo alikufa kwa ajili ya waovu." Alikufa kwa wasioweza kujisaidia.

Dada Nakiete, usikasirike. Najua unampenda huyu mtoto kuliko sisi wote, wewe ndiye uliyelala naye hospitali. Lakini kabla fedha haijatoka, tufungue Neno. Watu wa Beroya walimsikia Paulo mwenyewe, na bado "wakayachunguza maandiko kila siku, waone kwamba mambo hayo ndivyo yalivyo" (Matendo 17:11). Hawakukemewa. Wameitwa waungwana. Kama Paulo alichunguzwa, mtumishi naye achunguzwe.

Shangazi Nakiete: Chunguza basi. Kutoka 20:5: "nawapatiliza wana maovu ya baba zao, hata kizazi cha tatu na cha nne". Babu mkuu, babu, baba, Neema. Hesabu mwenyewe. Ni wa nne.

Joshua: Hapo shangazi kagonga.

Baba Mdogo Elinami: Malizia mstari, dada. "...cha tatu na cha nne cha wanichukiao, nami nawarehemu maelfu elfu wanipendao." Neema anamchukia Mungu? Huyu aliyefundisha Shule ya Jumapili tangu kidato cha pili?

Halafu nendeni Ezekieli 18. Waisraeli walikuwa na methali yao kwamba baba wamekula zabibu kali, meno ya watoto yakatiwa ganzi. Ndiyo hii hii laana ya ukoo tunayohubiriwa. Mungu akawakataza wasiitumie tena. Mstari wa 20: "mwana hatauchukua uovu wa baba yake, wala baba hatauchukua uovu wa mwanawe".

Mjomba Mbonea (Suji): Habari za jioni wapendwa. Niongeze Yoshua 24:2. Tera, baba yake Ibrahimu, alitumikia miungu mingine. Ibrahimu ni mtoto wa mwabudu sanamu kabisa. Mungu alipomwita hakumwambia lete kwanza udongo wa mji wako wa Uru tuvunje madhabahu ya baba yako. Alimwambia toka, nenda, nitakubariki.

Na Hezekia je? Baba yake Ahazi alimpitisha mwanawe motoni. Hezekia akawa mfalme mcha Mungu. Yosia naye ni mjukuu wa Manase, aliyejaza Yerusalemu damu. Hakuna aliyelipia babu yake.

Joshua: Ya Yosia sikuwahi kuifikiria hivyo.

Mjomba Mbonea (Suji): Na sisi Wapare tujiulize. Wamisionari wa Kisabato walifika Giti mwaka 1903, Walutheri walikuwa wametangulia kidogo upande wenu wa Usangi. Nyuma ya hapo ni nani ambaye babu yake hakuchinja mpungini? Wote walichinja, wa kwangu na wa kwenu. Kama damu ya kondoo wa babu inafunga matumbo, basi milima yote hii isingekuwa na mtoto hata mmoja. Shule ya msingi hapa jirani yangu watoto wanakaa wanne dawati moja.

Shangazi Nakiete: Sasa mafuta na vitambaa navyo mtavikataa? Matendo 19 leso za Paulo ziliponya wagonjwa. Na Naamani, yule jemadari wa Shamu aliyeponywa ukoma kupitia nabii Elisha, alibeba udongo wa Israeli, 2 Wafalme 5. Msidhani mimi sisomi.

Baba Mdogo Elinami: Unasoma dada, na nafurahi kwamba umeleta 2 Wafalme 5. Isome yote usiku huu. Naamani alipopona alitaka kumlipa Elisha. Elisha akakataa katakata, hata baada ya kusihiwa. Aliyeipokea fedha ni Gehazi, mtumishi wa Elisha, alimkimbilia Naamani njiani kwa uongo, na ukoma wa Naamani ukamshika yeye. Udongo aliouomba Naamani ulikuwa wa kumwabudia Mungu wa Israeli kwao Shamu, na hakuna aliyemuuzia.

Mafuta sikatai. Yakobo 5:14 inasema waiteni wazee wa kanisa, wamwombee na kumpaka mafuta. Wazee tunao, wanakuja kwa miguu, hawana bei. Ila mtu akikuwekea bei kwenye karama ya Mungu, Petro alishamjibu Simoni mchawi: "Fedha yako na ipotelee mbali pamoja nawe, kwa kuwa umedhania ya kuwa karama ya Mungu yapatikana kwa mali." Matendo 8:20.

Shemeji Anaeli: Dah.

*Alhamisi, saa 4 usiku*

Neema: Shikamooni wazazi wangu. Nilikuwa nasoma kimya. Naomba niseme kitu ambacho shangazi hajakisema, kwa sababu nilimwomba asikiseme.

Tangu tumzike bibi nimemwota mara mbili. Anasimama mlangoni pa jikoni na kanga yake ile ya kijani, anaomba maji. Nikienda kwenye mtungi nakuta mkavu. Naamka nalia. Nilipomweleza mtumishi akasema bibi hakuokoka, alikufa hajitambui, hakutubu toba ya mwisho, hakubatizwa kwa maji mengi. Akasema roho yake inazunguka na ndiyo inayochukua watoto wangu apate wa kumpelekea maji.

Tangu siku hiyo sijaweza kuingia jikoni usiku. Ndugu zangu, bibi ndiye aliyenifundisha kusali. Sijui nimwogope au nimlilie.

Mama Mkubwa Naetwe: Ee Mungu wangu. Mama yangu huyo anasemwa hivyo?

Joshua: *Ujumbe huu umefutwa*

Baba Mdogo Elinami: Neema mwanangu, marahaba. Nilikuwa naandika nikaacha, nikaenda nje kwanza. Hilo limeniuma kuliko yote.

Nianze na wokovu wa bibi. Yule mhalifu msalabani alibatizwa kwa maji gani? Alisema sentensi chache tu na mikono imepigiliwa. Yesu hakumwambia toba yako imechelewa. "Kwa maana mmeokolewa kwa neema, kwa njia ya imani, ambayo hiyo haikutokana na nafsi zenu, ni kipawa cha Mungu." Waefeso 2:8. Kipawa hakinyang'anywi kwa sababu mtu amepoteza fahamu siku nne wodini. Bibi alimwamini Kristo miaka yake yote, mimi ni shahidi, nimelelewa na sala zake. Mchungaji mzuri hamwachi kondoo wake kwa sababu kondoo amelala usingizi.

Mjomba Mbonea (Suji): Neema, mimi na baba yako mdogo tumebishana juu ya wafu tangu harusi ya mama yako. Mimi naamini wafu wamelala hadi ufufuo: "wafu hawajui neno lo lote", Mhubiri 9:5. Yeye anaamini bibi yuko na Kristo sasa hivi.

Baba Mdogo Elinami: Luka 23:43, "leo hivi utakuwa pamoja nami peponi". Na Wafilipi 1:23.

Mjomba Mbonea (Suji): Na mimi namjibu kila mara kwamba koma ile ya "nakuambia, leo" iliwekwa na wafasiri, Kigiriki cha zamani hakikuandikwa na koma. Hatumalizi leo. Lakini sikiliza mwanangu, upande wowote utakaoshika, bibi hazunguki. Kama amelala, haombi maji. Kama yuko na Kristo, hana kiu. Hatuna nafasi ya tatu ya bibi anayewinda vitukuu. Hiyo imetoka mpungini, imevikwa suti tu.

Mama Mkubwa Naetwe: Na Samweli, aliyeitwa kutoka kwa wafu na mwanamke mwenye pepo kule Endori kwa ajili ya Sauli? Nauliza nijue, maana watu huitumia.

Baba Mdogo Elinami: Swali zuri, dada mkubwa. 1 Samweli 28. Wengine husema alikuwa Samweli kweli kwa ruhusa ya Mungu, wengine husema pepo aliyejigeuza. Lakini tazama mwisho wake: kesho yake Sauli akafa, na 1 Nyakati 10:13 inataja kuuliza kwa mwenye pepo kuwa sehemu ya kosa lililomuua. Ile sura ni onyo. Na yule tajiri wa Luka 16 alipoomba Lazaro atumwe kwa ndugu zake alikataliwa. "Wanao Musa na manabii, wawasikilize wao."

Pepo wapo, sisemi hawapo. Ndiyo maana 1 Yohana 4:1 inatuambia tuzijaribu roho. Roho inayokufanya umwogope bibi yako na kumlipa mtu laki nne na nusu, ijaribuni.

Neema: Na ndoto?

Mama Mkubwa Naetwe: Neema, mimi pia namwota. Juzi alikuwa anachambua maharage, hata hakuniangalia. Siku zile hospitali kabla hajapoteza fahamu wewe ndiye uliyekuwa unamlowanisha midomo na pamba, kwa sababu hakuruhusiwa kunywa. Umesahau? Alikuwa anaomba maji mpaka sauti ikaisha. Ulitoka nje ukalia kwenye ngazi, nilikukuta pale.

Neema: Sikusahau mama mkubwa

Neema: Ni kweli. Alikuwa anasema maji

Dada Rehema: Nimetoka zamu ya jioni, nimesoma yote. Neema, mimi ni muuguzi, sitasema mistari. Mimba zikitoka mara tatu kuna vipimo: umbo la mji wa mimba, sukari, tezi ya shingoni, tatizo la damu kuganda. Baadhi yana tiba. Ulifanyiwa hata kimoja?

Neema: Hapana. Fedha ya vipimo ndiyo tuliyoanza nayo kwa mtumishi, ile sadaka ya kwanza.

*Ijumaa asubuhi*

Shangazi Nakiete: Sikulala. Nimesoma 2 Wafalme 5 mara mbili, na Yohana 9 ambayo hakuna aliyeitaja. Wanafunzi waliuliza nani alitenda dhambi, huyu au wazazi wake. "Huyu hakutenda dhambi, wala wazazi wake." Mimi nimekuwa nauliza swali la wanafunzi miaka mitatu. Nimemtwisha mtoto dhambi ya mtu aliyekufa kabla mimi sijazaliwa.

Neema nisamehe. Nilikuwa naogopa.

Neema: Shangazi usilie. Wewe ndiye ulikuwa na mimi.

Mjomba Mbonea (Suji): Mungu akubariki dada.

Shemeji Anaeli: Ile elfu thelathini nimeituma, iende kwenye vipimo.

Dada Rehema: Njooni Jumatatu saa moja asubuhi kabla hajala kitu. Nitawapokea getini.

Baba Mdogo Elinami: Jumapili mchana tunakuja na wazee wawili wa kanisa tumwombee hapo hapo nyumbani. Mafuta ni ya alizeti, tunayo.

Shangazi Nakiete: Na udongo nifanyeje? Uko kwenye kopo la Blue Band, nimeuweka kabatini karibu na chumvi. Naogopa kuugusa.

Baba Mdogo Elinami: Ni udongo tu dada. Mwaga kwenye mgomba.

Shangazi Nakiete: Sawa.

Shangazi Nakiete: Nimemwaga. Neema amenishikia kopo.