Yule wa dirisha la pili kaisoma paswedi yangu mbele ya foleni nzima!!

Wakuu, nimetoka pale sasa hivi, mikono bado inatetemeka kwa hasira. Mnamjua, yule mwenye miwani ya kupandisha kichwani. Sitaji jina.

Akaunti imejifunga. Kasema niandike paswedi kwenye kikaratasi aangalie tatizo. Nikampa. Jamani, akaisoma kwa SAUTI! "Korosho, K kubwa, alama ya @, Newala, sifuri nane!" Kama anauza mitumba. Foleni imefika mlangoni, mama mmoja kageuka kabisa kunitazama. Halafu anaongeza: "Nyie watu wa kusini, korosho mpaka kwenye paswedi!" Hivi sasa Shangani nzima hapa Mtwara wanayo, ng'ambo ya Ruvuma Msumbiji wameshaipata.

Na mfumo ni wao! Unataka herufi kubwa, tarakimu, alama, ubadilishe kila mwezi. Hiyo alama kwenye simu yangu iko ukurasa wa pili wa kibodi, palepale kioo kilipopasuka. Mtu ana namba ya siri ya pesa, ya ATM, ya barua pepe, asiweke korosho aweke nini? Lakini kuisoma kwa sauti! Mbele ya watu!

Ndonde_Masasi: Hahahaa hiyo hata mwanangu wa darasa la tatu angeipatia. Kabadilishe kwanza ndo uje kulia.

Mleta uzi: Nimeshabadilisha! Hoja ni KUISOMA KWA SAUTI!

Ndonde_Masasi: Basi itakuwa 09 hiyo.

Fundi_Kompyuta: Usimcheke, ndicho watu hufanya wakilazimishwa. NIST, taasisi ya viwango ya Marekani, tangu 2017 inasema mtu asilazimishwe kubadilisha paswedi kila baada ya muda kama hakuna dalili ya kuvuja. Bill Burr, aliyeandika mwongozo wao wa paswedi wa 2003, mwenyewe alisema anajutia mengi aliyoyaandika. Huku bado tunakomoana.

Bibi_Mikindani: Afadhali wewe. Wakala wangu anataka nimtajie namba ya siri, tarakimu zote nne, eti "bibi nikusaidie, macho yako mabovu".

Mwana_Chikongola: Shikamoo bibi, usimpe! Na msimu wa korosho ukianza meseji za "ile hela tuma kwenye namba hii" zitamiminika.

Ghafi_Daraja_la_Kwanza: Msimu upi? Mimi hela ya mnada uliopita haijaingia mpaka leo.

Ndonde_Masasi: Hata wewe? Chama chenu cha ushirika kinasemaje?

Ghafi_Daraja_la_Kwanza: Katibu hapokei simu.