Tuliokulia kando ya hifadhi zilizotafutiwa mafuta: tupeane uzoefu

Mwana wa Vitshumbi

Ndugu zangu, suala la kuchimba mafuta ndani ya hifadhi za wanyama huzungumzwa zaidi na watu ambao hawajawahi kulala karibu na hifadhi wala karibu na mtambo, na ndiyo sababu naomba tuliokaa huko tusimuliane tuliyoyaona. Nitaanza mimi.

Nilizaliwa Vitshumbi, kijiji cha wavuvi kilichoko kusini mwa Ziwa Edouard, ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Virunga, mashariki mwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, ambayo ilianzishwa mwaka 1925 na ndiyo kongwe kuliko zote barani Afrika. UNESCO iliitambua kuwa urithi wa dunia mwaka 1979, na tangu 1994 imo katika orodha ya maeneo yaliyo hatarini. Sisi hatukuipenda hifadhi kama mtalii anavyoipenda, kwa maana kwetu ilikuwa makatazo: usilime, usikate kuni, usitege nyavu pale samaki wanapozalia, na kiboko akiua mtu, msiba ni wa familia peke yake. Hata hivyo marehemu baba alitufundisha kwamba kiboko ni mshirika wa mvuvi, kwa sababu kinyesi chake hulisha maji na maji hulisha samaki. Katika miaka ya 1970 viboko wa Virunga walizidi 20,000. Kufikia katikati ya miaka ya 2000, baada ya vita na ujangili, walikuwa wamebaki mamia tu, na wazee wa kijiji hawakuhitaji mtaalamu wa kuwaeleza kwa nini tilapia walikuwa wakipungua.

Mwaka 2014 kampuni ya SOCO ya Uingereza, iliyokuwa na haki ya kutafuta mafuta katika kitalu namba 5 (yaani eneo lililotengwa kwa utafutaji wa mafuta), ilifanya utafiti wa mitetemo ziwani, ambapo mapigo ya hewa hupigwa ndani ya maji ili mwangwi wake ueleze miamba ilivyo chini ya sakafu ya ziwa. Ninachokikumbuka zaidi si boti zile bali nyumba yetu. Baba aliona kwamba ziwa likichafuka mara moja, hakuna fedha itakayolisafisha. Baba mdogo, ambaye waliumiliki pamoja mtumbwi mmoja, aliona kwamba mtoto wake aliyemaliza shule hawezi kuendelea kubeba magunia ya samaki maisha yake yote wakati kuna kazi imebisha hodi. Akasema hifadhi ina umri wa karibu miaka 90 na sisi bado tunawasha koroboi. Nyumba zao zilitenganishwa na ua wa matete, lakini kwa miezi kadhaa hawakuombana hata chumvi, na mtumbwi ulikaa ufukweni hadi mbao zake zikaanza kupasuka kwa jua.

Mwezi Juni mwaka huohuo kampuni ile ilikubaliana na WWF, shirika la kimataifa la uhifadhi, kusitisha shughuli zake ndani ya hifadhi. Wengi walishangilia kana kwamba jambo limekwisha, nami sikuweza kushangilia, kwa sababu hoja ya baba mdogo ilikuwa haijajibiwa na mtu yeyote. Ilianza kujibiwa mwishoni mwa 2015, pale mtambo wa umeme wa maji wa Matebe, uliojengwa na hifadhi yenyewe, ulipoanza kuwasha taa upande wa Rutshuru. Binamu yangu alihamia huko, akaanza na mashine ya kusaga, na ndipo wazee wale wawili wakaurudisha mtumbwi majini. Naamini kwa dhati kwamba umeme ule umeilinda Virunga kuliko hotuba zote nilizowahi kuzisikia.

Ombi langu ni moja: anayechangia aeleze alichokiona mwenyewe.

Muuza samaki, sasa niko Butembo

Kaka, umenirudisha mbali. Mimi nilinunua samaki Kyavinyonge, kijiji kingine cha wavuvi kwenye ziwa lilelile, kwa miaka kumi na moja, nikiwapakia juu ya malori yanayopanda Butembo. Nilihudhuria mkutano mmoja wa kuelezwa habari za mafuta, tukiwa wanawake wachache nyuma ya ukumbi. Ziliahidiwa barabara, zahanati na ajira. Nilinyanyua mkono nikauliza: ikiwa samaki watakosa soko kwa miezi miwili tu kwa sababu watu wamesikia kwamba maji yameingia mafuta, nani atanilipa, mimi ambaye sina shamba wala mtumbwi, na ambaye jina langu halimo katika orodha yoyote? Yule mzungumzaji alijibu kwa heshima kwamba swali langu limeandikwa. Sikupata jibu jingine.

Jambo hili linaniuma mpaka leo, kwa kuwa nimeona kwamba fidia hukadiriwa kwa aliye na kitu kinachohesabika, kama vile miti, nyumba au kaburi, wakati riziki ya mchuuzi, mparuaji samaki na msuka nyavu haina mizizi ardhini na kwa hiyo haionekani.

Naongeza jambo moja ambalo watu wa mbali hawalijui. Kyavinyonge iko karibu na mahali Mto Semliki unapotoka ziwani. Maji hayo yanashuka hadi Ziwa Albert, na kutoka Albert yanaingia katika Nile. Kitakachomwagika kwetu hakitabaki kwetu.

Dereva wa Paraa

Dada yangu, kwa maelezo hayo ya Semliki mimi ni jirani yako wa chini. Niliendesha magari ya watalii katika Hifadhi ya Murchison Falls, Uganda, kwa zaidi ya miaka kumi, na sisi hatuzungumzi habari za utafiti tu, kwa sababu kwetu uchimbaji umeshafika. Mafuta yalithibitishwa katika bonde la Albert mwaka 2006; uamuzi wa mwisho wa kuwekeza ulitangazwa tarehe 1 Februari 2022; na mwaka uliofuata mitambo ikaanza kuchoronga ndani ya hifadhi. Mradi wa Tilenga, unaoongozwa na kampuni ya mafuta ya Ufaransa, TotalEnergies, una visima zaidi ya 400 vilivyopangwa katika viwanja 31, na viwanja 10 kati ya hivyo vimo ndani ya hifadhi, kaskazini mwa Nile. Mafuta yake yamepangwa kupitishwa kwa bomba chini ya mto hadi kwenye mtambo wa kuyasafisha upande wa Buliisa.

Nitasema ukweli wote, hata usioipendeza nafsi yangu. Barabara ya lami imenifaa. Zamani nilisubiri kivuko cha kuvukia Nile pale Paraa kwa saa nzima, na leo kuna daraja. Viwanja vya visima navyo ni vidogo kuliko nilivyoviwazia. Mgeni anaweza kupita kando ya uzio na asielewe kilichomo.

Lakini kuna uwanda wa mivumo kuelekea delta ya mto, mahali nilipozoea kusimamisha gari alfajiri bila kuwaambia wageni neno lolote, kwa kuwa twiga walijitokeza wenyewe, mmoja baada ya mwingine, katika ukungu. Wakati wa ujenzi nilisimama pale asubuhi tano mfululizo na sikuona twiga hata mmoja, ila vumbi la malori. Baadaye walionekana tena, wachache, na mbali zaidi. Sidai kwamba hiyo ni sayansi. Usiku pia umebadilika, kwa kuwa taa za mtambo unaochoronga huonekana kutoka mbali sana katika nchi iliyo tambarare, nami nilikuwa nimezoea giza ambalo ndani yake unamsikia fisi kabla hujamwona.

Mkulima wa Nwoya

Mimi nitasema machache. Nalima mihogo na ufuta kaskazini mwa hifadhi hiyohiyo. Tembo walikuwa wakituvamia hata kabla ya mafuta, lakini tangu kelele zianze huko ndani wanatoka mara nyingi zaidi, na usiku mmoja walimaliza nusu ekari ya mihogo yangu. Wataalamu wanabishana kama sababu ni mitambo, ukame au kuongezeka kwa tembo wenyewe. Waendelee kubishana, lakini mwaka ule watoto wangu walirudishwa nyumbani kwa kukosa karo, na mjadala huo haukuwa na nafasi ya kuweka jina langu.

Fundi wa Tanga

Nawasalimu wote, na naomba mniwie radhi kwa kuwa sauti yangu itatofautiana na zenu. Bomba la EACOP, yaani bomba la mafuta ghafi la Afrika Mashariki, lililokusudiwa kuyatoa mafuta hayo Hoima, Uganda, lina urefu wa kilomita 1,443, na kilomita 1,147 ziko Tanzania, hadi Chongoleani, karibu na Tanga. Mafuta yenyewe ni mazito na yana nta, huganda yakipoa, kwa hiyo bomba lote limebuniwa kufukiwa na kupashwa joto njia nzima. Mimi ni mchomeleaji. Nilipewa mafunzo, nikapata cheti kinachotambulika, na kwa ujira wangu nimemaliza nyumba ya mama. Siwezi kusimama hapa nikasema kwamba mradi huo ni laana, kwa sababu nitakuwa nimemdanganya Mungu na mama yangu.

Pamoja na hayo, babu yangu alikuwa mvuvi, na bahari yetu nayo ni hifadhi: Hifadhi ya Bahari ya Silikanti, iliyoanzishwa mwaka 2009 kwa ajili ya yule samaki wa kale ambaye ulimwengu ulidhani ametoweka. Wenzangu wanapojadili tembo na twiga, hakuna anayekumbuka kwamba mwisho wa bomba ni gati, na penye gati kuna meli kubwa karibu na mikoko na matumbawe. Nilipomuuliza babu anaogopa nini, alinijibu kwamba haogopi meli zitakazofika salama.

Swali langu kwenu ni hili: nchi zinazotukemea zilichimba yao, zikajenga, na bado zinachimba. Bunge la Ulaya lilipitisha azimio dhidi ya mradi wetu mwezi Septemba 2022. Je, ninyi wa Virunga mngejisikiaje?

Mwana wa Vitshumbi

Fundi, huna haja ya kuomba radhi. Mchango kama wako ndio niliousubiri. Nakubaliana nawe kuhusu Ulaya, na nimewahi kuona uchungu huohuo kwa baba mdogo. Ila naomba tusiwaachie wao nafasi ya kutuchagulia hasira. Mimi sipingi mafuta ya Virunga kwa sababu Brussels inayapinga. Nayapinga kwa sababu ziwa lile linalisha watu leo, wakiwemo wale ambao dada wa Butembo amewataja, na watu hao hawajawahi kuulizwa. Nchini Ecuador wananchi walipiga kura tarehe 20 Agosti 2023 kuhusu mafuta yaliyo ndani ya Hifadhi ya Yasuní, na takriban asilimia 59 waliamua yabaki ardhini. Kwetu, Julai 2022 serikali ilitangaza mnada wa vitalu 27 vya mafuta, vingine vikiwa ndani ya Virunga, na Oktoba 2024 ikaufuta. Na mara zote mbili baba mdogo alipata habari kupitia redio, akiwa anaparua samaki.

Kuna kundi moja ambalo bado halijatuandikia, nalo nalihitaji sana: ndugu wa Muanda, kwenye mdomo wa Mto Kongo, ambako mafuta ya pwani yanatolewa tangu 1975 na ambako hifadhi ya mikoko iliundwa mwaka 1992, visima vikiwa tayari vipo. Ninyi mmekaa nayo muda mrefu kuliko sisi wote. Mtuambie mnavua nini siku hizi, na mnawaeleza nini watoto wenu.