Amefuta KARKADE kwa teli yangu ya Asyut!!! Huyu dada sasa basi

SindanoBapa (mwanzisha uzi)
Jamani wa Cairo na wa nyumbani, nimeingia ndani sasa hivi, hata viatu sijavua. Yule dada mnamjua. Jina sitaji, nikisema tu "shangashanga" na "nakukodisha kwa bei ya ndugu" mmeshamjua. Leo kafuta karkade kwa teli yangu, ile shela ya neti iliyotiwa nakshi za utepe wa fedha kwa sindano, ya mji wa Asyut huku Misri, wengine huiita asyut. Karkade! Ile chai ya maua, nyekundu ya moto, imejaa sukari. KWA TELI.

Kuna mgeni katoka Nairobi, anacheza raqs sharqi, ngoma ya kukata kiuno ya Misri, anatafuta teli ya kweli ya kufunga kiunoni. Nikasema nimpelekee yangu aione, aishike, asije akauziwa mbuzi kwenye gunia. Si ya kuuza ile. Nimeachiwa na bibi mwenye nyumba wangu wa zamani, mtu wa Asyut, na yeye kaachiwa na mama yake aliyekuwa akizishona kuwauzia watalii enzi zile walipomiminika baada ya kaburi la Tutankhamun kuonekana 1922.

Tukakaa mkahawani nyuma ya soko la Khan el-Khalili. Nikaikunjua juu ya mapaja ya mgeni. Mita mbili na ushee, kilo na nusu, niliipima mwenyewe kwa muuza nyanya. Ngamia wamejipanga pindoni, juu yao mitende, juu ya mitende watu wameshikana mikono. Mgeni akanyamaza. Akaiweka shavuni akasema, "Ya baridi." Ndiyo mdogo wangu, ni fedha hiyo, ikishapata joto la mwili inakulalia kama maji na kila ukitikisa kiuno inakufuata.

Yule naye kabenua midomo. Katoa ya kwake mkobani, kitambaa cha taiti kimepigwa chapa ya rangi ya fedha, ukikikwaruza kwa ukucha kinabanduka. Anamwambia mgeni, "Hii ndiyo asyut ya kisasa, nyepesi. Hiyo ya dada ni chandarua kimetiwa foili ya kuokea kuku."

Nikameza. Wallahi nilimeza. Mara glasi ikapinduka. Mhudumu anakuja na kitambaa chake, namwona, hatua tatu tu! Yule dada akanyoosha mkono mapajani kwa mgeni, akanyakua teli, akafuta meza. Akafuta, AKAGEUZA UPANDE, akafuta tena. Akasema, "Itakauka, si chandarua tu?"

Mnajua nukta moja ya teli inavyotiwa? Sindano ni bapa, tundu lake pana, maana anayepita si uzi, ni utepe wa madini mwembamba kama ganda la kitunguu. Unaupitisha kwenye kitundu cha neti, unaukatiza msalaba, unaukunja, unaubana kwa ukucha, unaukata. Hakuna fundo. Kisha nukta ya pili. Ngamia mmoja tu ana nukta ngapi? Ndiyo maana mbele na nyuma ni sawasawa, huoni upande wa ndani. Na yeye kageuza upande kama anageuza tambara la jikoni!

MamaWaDokki
Pole sana shoga. Huyo mimi kanikodisha dera la harusi, limerudi kwake salama, kanidai pesa ya shanga 3 eti zimepungua. Alizihesabu saa ngapi?

Bint_Mafia
Huyo huyo! Mimi kaniuzia sidiria ya kuchezea, imefunguka katikati ya zafa. Nimemaliza wimbo mikono kifuani. Watu wakadhani ni mtindo wa Alexandria.

MtuMzimaMvita
Dada, tusipige kelele kabla ya kujua mambo. Hiyo neti ya teli si kazi ya mkono, ni ya mashine. Mwingereza John Heathcoat alipata hataza ya mashine hiyo 1809, vitundu vya pembe sita, na vyandarua navyo vikafumwa kwa neti ya namna hiyohiyo. Kwa hiyo kusema chandarua hajakosea sana.

SindanoBapa
Mzee wangu shikamoo, lakini kwa hilo hapana. Kanzu yako na gunia la mchele vyote vimefumwa, mbona Ijumaa huendi msikitini na gunia? Kazi iko kwenye sindano, haiko kwenye neti. Na hata kingekuwa chandarua kweli, chandarua cha mtu ndicho cha kufutia karkade? Mhudumu alikuwa HATUA TATU.

MtuMzimaMvita
Marahaba. Nimesema tu historia.

Kaka_Ngazija
Mimi nauliza, nguo ya miaka mia unaitembeza mkahawani kwenye vinywaji kwa nini? Na wewe una lako hapo.

JikoLaPwani
Doa la karkade dogo sana hilo. Loweka kwenye jiki usiku kucha, asubuhi kamulia limau, anika juani. Litakuwa jeupe pepepe.

SindanoBapa
USIMWAMBIE MTU HIVYO! Jiki na fedha? Inageuka nyeusi kama sufuria ya kuni na neti inaoza. Na kuanika ndiyo usithubutu, hii haitundikwi hata ikiwa kavu, uzito wake wenyewe unachana vitundu. Inaviringishwa kwa kitambaa cha pamba, inalala. Bibi alinifundisha siku ya kwanza, kabla hata ya kunionyesha jiko liko wapi. Sasa hivi iko kwenye beseni la maji baridi, ngamia wawili wa pembeni wamekuwa wa waridi. Namwangalia mmoja hapa, shingo yote nyekundu. Kageuza upande!

Nuru_Sohag
Dada usiikamue tu. Huku Sohag, kisiwa cha Shandaweel, kina mama wanashona teli hadi leo. Nukta zikiachia waletee, wanajua kuzirudishia.

SindanoBapa
Allah akujaze kheri. Wewe ndiye wa kwanza kusema la maana.

LesoMbili
Mimi mambo ya Misri siyajui, huku kwetu chakacha unafunga leso yako kiunoni inatosha, hakuna kilo na nusu. Lakini kwa kuharibu nguo za watu nina langu. Fundi wangu nilimpa kanga mpya ya "Mgeni njoo mwenyeji apone". Kaikata, kiunoni pote pamebaki APONE, APONE, APONE. Mchana kutwa naulizwa naumwa nini.

Bint_Mafia
Uwiii! Mimi wangu kalipindua jina juu chini. Mtu asome mpaka asimame kichwa.

MamaWaDokki
Na wale wanaokula vitambaa? Unapeleka mita 4, gauni linakubana, siku ya pili unamwona mtoto wake kavaa kitambaa chako chekechea.

Kaka_Ngazija
Na kanzu za Idi je? Kila mwaka "njoo kesho". Mwaka huu nimeswali Idi na kanzu ina mkono mmoja.

SindanoBapa
Jamani, teli yangu? Nibadilishe maji sasa au nisubiri?

LesoMbili
Kaka, mkono mmoja ni nafuu. Wangu ilikuwa arusi ya dada yangu, kaniambia kwa simu yuko njiani analeta, na nyuma yake nasikia cherehani.

MtuMzimaMvita
Fundi huyo si wa pale karibu na soko la samaki? Ana kanzu yangu tangu Ramadhani.