Mama kumnyonyesha mtoto ndege ikishuka kawakosea nini?

Wakuu, nimetua Dar na hasira zangu, mniache niseme.

Tumetoka Mwanza na mke wangu na mtoto wetu wa miezi minne. Njia nzima mtoto kalala fofofo. Ndege ilipoanza kushuka akaamka na kilio kikali, mwili umekakamaa, mkono anausugua sikioni. Mama yake akajitanda khanga, akampa ziwa, mtoto akaanza kutulia. Mara mhudumu huyo: "Dada, mtoe kwenye ziwa, mshike wima, tunatua." Mke wangu akamweleza masikio yanamuuma. Jibu: "Ni utaratibu." Mkanda wake alikuwa kafunga, na ule mdogo wa mtoto pia. Sasa utaratibu gani unaomkatalia mtoto dawa pekee aliyonayo?

Maana kunyonya ndiyo dawa yenyewe! Mkiwa juu, presha ndani ya ndege inakuwa kama mmekaa kwenye mlima wa mita 1,800 hadi 2,400. Mkishuka inapanda, ngoma ya sikio inasukumwa ndani. Kinachosawazisha ni ule mrija mdogo wa kutoka sikio la kati hadi nyuma ya pua, nao unafunguka ukimeza au kupiga miayo. Wewe mtu mzima unatafuna bigijii, yamekwisha. Mtoto utamwambia ameze mate? Mrija wake ni mwembamba, akiwa na mafua ndiyo balaa kabisa. Na Mwanza iko juu zaidi ya mita 1,100, Dar ni usawa wa bahari, kwa hiyo kutua huku ndiko kunakotesa.

Halafu abiria wa nyuma anapaza sauti, "Mnyamazisheni huyo mtoto!" Mhudumu kimya. Yaani ziwa hamtaki, kilio hamtaki.

Tangazo lenyewe linakuja mmeshakaribia ardhi, wakati ndege huanza kushuka kama nusu saa kabla. Rubani anajua. Kinachowashinda nini kumnong'oneza mama, "Tunaanza kushuka, mwamshe mtoto umpe ziwa au chupa"? Aliyelala hamezi sana, ndiyo maana anaamka na maumivu. Hilo halina gharama hata ya shilingi moja.

Barua ya TCAA, mamlaka ya usafiri wa anga nchini, naiandika usiku huu. Kina mama na kina baba mliokatazwa kunyonyesha au kumpa mtoto chupa wakati wa kutua, andikeni hapa njia mliyosafiri na mlichoambiwa, niambatanishe.