Mrejesho: nimeshachukua Premio, Mark X nimeiacha

Wakuu, mrejesho kama nilivyoahidi. Niliuliza nichukue gari gani kati ya Toyota Premio na Toyota Mark X, nipumzishe Corolla 110 yangu iliyokuwa inachemsha kila nikikuta foleni Mwenge. Mark X cc 2500 kwa mizunguko yangu ya Tegeta mpaka Posta kila siku ningeishia kuipaki tu kwa inavyokunywa mafuta, so nimebeba Premio 260, ile ya injini ya 1NZ cc 1500.

Ya kwanza kuiona ilikuwa inang'aa balaa, dalali anaongea kama redio, fundi wangu akafungua kifuniko cha oili akanionyesha kwa ndani kuna povu rangi ya chai ya maziwa, akaninong'oneza maji yameingia kwenye oili hapa, twende zetu. Hii niliyochukua bampa ya nyuma ina mikwaruzo ila asubuhi inawaka slefu moja, ukiweka gia ya D (ya kwenda mbele) haishtuki, na kadi ya gari ina jina la muuzaji mwenyewe. Nimebadilisha plagi na oili zote, ya gia nimeweka ya CVT (gia otomatiki ya mkanda), msije mkamwaga ya kawaida humo.

110 bado ipo uani, mama watoto hataki iuzwe, anasema ndiyo iliyomuwahisha leba.