Mashine za XP na Windows 7 zinaanguka mtandaoni: nizitenge, nitie Linux au ninunue nyengine?

Steshenari_Chake

Asalaam aleikum ndugu zangu. Nina duka la steshenari hapa Chake Chake, kompyuta 6: nne za Windows XP na mbili za Windows 7. Kazi zetu ni kuchapa barua, fotokopi na kuwajazia watu fomu za skuli na vyuo. Wiki iliyopita, mchana watu wamejaa, mashine moja ya XP ikatoa skrini ya buluu ikajiwasha upya. Haijamaliza kuwaka, ya pili ikafuata. Mpaka alasiri zote nne zishaanguka, tena si mara moja. Za Windows 7 zilikuwa nzito tu. Binti mmoja alikuwa keshafika ukurasa wa mwisho wa fomu yake, yote ikapotea. Machozi yalimlenga na sikuwa na la kumwambia.

Nimeshauriwa mambo matatu: nizikate mtandao kabisa, nitie Linux (mfumo wa bure badala ya Windows), au ninunue za mtumba Unguja (nimetajiwa laki tatu na nusu kwa moja). Kinachonifunga kwenye XP ni printa yangu ya leza ya zamani, ile ya kebo ya pini 25. Draiva, ile programu ya kuifanya kompyuta iijue printa, ninayo ya XP tu, na inachapa vizuri kuliko printa zote mpya nilizowahi kununua. Nisaidieni kulinganisha.

FundiMlandege

Waaleikum salaam dada. Usitoe hata senti kwanza. Tujue kama ni umeme au ni mtandao, maana huku kwetu umeme ukicheza mashine kongwe huanguka vilevile. Chomoa kebo ya mtandao kwenye XP mbili, nyengine mbili ziache, mfanye kazi kama kawaida. Zilizochomolewa zikisimama na wenzao wakaanguka, umeme hauna kosa. Na siku zikianza tena, zitazame taa za swichi yako, kile kisanduku kinachounganisha kebo zote za mtandao.

Steshenari_Chake

Nimefanya. Zilizochomolewa hazijaanguka siku tatu. Leo saa tisa alasiri zile mbili zikaanza tena, nikakimbilia swichi. Tundu namba 5 taa yake inapepesa bila kupumzika, nyengine zinapepesa mojamoja. Nimeifuata kebo kwa mkono mpaka meza ya wateja, nikaikuta laptopu ya mwanafunzi. Mwenyewe anasoma notsi zake, hana habari. Alipochomoa, taa ikatulia.

Maalim_Maabara

Huyo kijana msimlaumu. Kwa dalili hizi laptopu yake ina mnyoo, yaani kirusi kinachojisambaza chenyewe mtandaoni bila mtu kubonyeza kitu. Kinagonga mlango wa kila mashine kinayoiona, na XP inaanguka kwa kule kugongwa tu. Mwaka 2017 mnyoo wa WannaCry ulipotokea, ukipitia porti 445, yaani mlango wa mtandao wa kushirikiana mafaili, waliougua zaidi walikuwa wa Windows 7. XP nyingi hazikuambukizwa, zilitoa skrini ya buluu zikafa papo hapo. Kwa mwenye duka hasara ni ileile: mteja hapati huduma.

Wengi wanadhani shambulio la kunyima huduma lazima liwe mafuriko ya data. Kwa mifumo ya zamani pakiti moja iliyopinda, yaani kifurushi kimoja cha data, inatosha. Pakiti ya IP haitakiwi kuzidi baiti 65,535. Mnamo 1996 watu waligundua kwamba ukiituma vipandevipande, na vipande vikiunganishwa vikapita kiwango hicho, mashine inayopokea inajichanganya na kuanguka. Ndiyo Ping of Death. Mwaka 1997 ikaja Teardrop, vipande vinavyopandiana, ikaangusha Windows 95, NT na hata Linux za wakati huo. Mwaka huohuo LAND: pakiti inayodai imetoka kwa yuleyule inayemwendea, mashine ikabaki kujijibu yenyewe. Hiyo ilishazibwa, lakini 2005 ikarudi kwenye XP yenye Service Pack 2, yaani furushi la pili la masasisho yake.

Kuna kasoro nyengine hazizibiki kabisa. Septemba 2009 Microsoft ilikiri kasoro ya TCP/IP (sehemu ya mfumo inayoshughulikia mtandao) kwenye Windows 2000 na ikasema haitatoa kiraka cha kuiziba, kwa sababu ingelazimu kuijenga upya sehemu kubwa mno ya mfumo. Na XP yenyewe haihudumiwi tangu tarehe 8 Aprili 2014, Windows 7 tangu 14 Januari 2020.

Wete_Bandarini

Basi akate mtandao yaishe. Mie nina XP ya kuchapia risiti, haijaona intaneti tangu naijua, na haijanisumbua.

Maalim_Maabara

Kwa risiti nakubaliana nawe, mashine moja kazi moja. Lakini fomu za vyuo zinajazwa mtandaoni. Akikata zote sita, duka linabaki la fotokopi. Halafu mafaili yatahama kwa flashi, na flashi za wateja tunazijua zilivyo. Kukata mtandao kunafaa kwa mbili tatu.

Mkunazini_Linux

Mie nasema Linux. Toleo jepesi lenye Xfce (muonekano wa skrini usiokula nguvu) linatosha kwa mashine yenye RAM ya 2 GB. Angalia prosesa: ikiwa ni Core 2 Duo, hiyo inakubali mfumo wa 64-biti, huna tatizo. Ikiwa ni 32-biti tupu utapata tabu, maana Debian 13 ya 2025, mojawapo ya matoleo ya Linux, haina tena kisakinishi cha 32-biti. Na hiyo printa usiiogope. CUPS, programu ya kuchapia ya Linux, inazijua printa nyingi za leza za zamani, mara nyengine kuliko Windows mpya. Tia Linux kwenye flashi, iwashe kutoka humo bila kuigusa diski, uchape ukurasa wa majaribio.

FundiMlandege

Linux nzuri, ila tusimwambie haianguki. Juni 2019 ilitangazwa SACK Panic: mfululizo wa pakiti za mtandao zilizopangwa kwa makusudi unaangusha kernel, yaani kiini cha Linux, na kasoro ilikuwepo tangu toleo 2.6.29. Aliyesasisha alisalimika. Ukitia Linux leo ukaisahau miaka mitano, umejirudisha ulipo sasa.

Kuhusu za mtumba, dada, kuwa mwangalifu khaswa. Windows 10 nayo ilimaliza huduma yake ya kawaida tarehe 14 Oktoba 2025. Windows 11 inadai TPM 2.0 (chipu ya usalama), na kwa prosesa za Intel kwa kawaida ni kizazi cha 8 kwenda juu. Mashine ya kizazi cha 6 au 7 ukiuziwa kwa laki tatu na nusu, unanunua tatizo lilelile lenye sura mpya. Fungua mwenyewe uone namba ya prosesa kabla ya kutoa pesa.

Lakini hasira yangu kubwa ni juu ya swichi. Mteja na mashine za duka wamekaa kwenye swichi moja! Hapo hata ukiwa na ruta (kifaa kinachogawa intaneti) yenye ulinzi wa namna gani haikusaidii, kwa sababu data ya laptopu kwenda XP inapita ndani ya swichi, ruta haihusiki. Meza ya wateja ipe tundu lake peke yake kwenye ruta, na anuani zake za mtandao ziwe tofauti, halafu weka sheria kwamba upande ule hauingii upande huu. Ruta ndogo ya MikroTik inaifanya kazi hiyo. Waifai ya wateja nayo ihamie hukohuko. Ukilinganisha gharama na faida, hili ndilo la kwanza, hata kabla ya Linux.

Mkunazini_Linux

Hapo sina ubishi.

Steshenari_Chake

Ahsanteni sana. Nimeamua hivi: wateja wametengwa tangu jana, fundi wa hapa Machomane amenisaidia na ruta. XP mbili zitabaki za kuandikia barua tu, hazitiwi kebo ya mtandao tena. Mbili nyengine zina Core 2 Duo, nazitia Linux, na moja ndiyo itakayobeba printa. Za Windows 7 zitafuata, zikishaisha fomu za msimu huu. Kununua nangoja.

Jana usiku nimeijaribu printa kwa flashi kama alivyosema ndugu wa Mkunazini. Ukurasa umetoka, wino mweusi wa kukolea, ila mistari ya chini imekatika. Draiva haifai?

Mkunazini_Linux

Draiva inafaa. Karatasi imewekwa Letter, nayo ni fupi kuliko A4. Ingia mipangilio ya printa, chagua A4, chapa tena.

Steshenari_Chake

Imetoka yote.